Swali la Kumi na Saba

Jumamosi ile mwalimu alisahihisha karatasi sabini na nane. Alianza baada ya kufagia ua na kumwogesha mama yake, akaendelea mpaka jua lilipohama mlango wa mbele likaingilia dirisha la jikoni. Alifundisha hesabu darasa la nne, na huo ulikuwa mwaka wake wa ishirini na tisa kazini. Wanafunzi walimwita Bibi Jedwali, kwa sababu hakuna mtoto aliyepita mikononi mwake bila kukariri jedwali la kuzidisha mpaka la kumi na mbili. Jina hilo alilijua na hakulichukia. Hata wazazi walilitumia, maana wengi wao waliwahi kukaa kwenye madawati yale yale.

Siku hizi alisahihisha kama anavyoosha vyombo: mkono unajua njia, akili iko kwingine. Kushotoni aliweka mwongozo uliotoka kwenye kamati ya mitihani, kuliani rundo la karatasi, katikati kalamu nyekundu. Penye jibu la mwongozo aliweka vema, pengine popote aliweka mkasi, alama ya kukosa. Swali la kumi na saba lilikuwa hivi: "Fundi alikata ubao vipande sita, kila kipande sentimita 15. Je, kipande kilichobaki kina urefu gani?" Mwongozo ulisema sentimita 30. Wapo walioandika 30, akawapa maksi zao mbili. Wengi waliandika 90. Wengine 21, wengine 9, na mmoja aliandika mita mia moja, akaipigia mstari kwa rula ili ipendeze. Kuna karatasi ambayo pale pa jibu palikuwa na maneno badala ya namba. Mkono ulishaweka mkasi kabla macho hayajafika.

"Bado hujamaliza?" mama yake aliuliza kutoka kwenye mkeka.

"Bado, mama."

"Hao watoto wote ni wa nani?"

"Wa watu, mama."

"Na watu wenyewe wako wapi?"

Mwalimu alicheka kidogo, akanyoosha mgongo, akavuta karatasi nyingine.

Jumatatu alirudisha mitihani. Mwaka huo mwalimu mkuu alikuwa ameleta utaratibu mpya: aliyepata hamsini na kuendelea abaki darasani aandaliwe kwa mtihani wa taifa, aliyepungukiwa ahamie stoo. Stoo ilikuwa chumba cha nyuma kilichowahi kuhifadhi majembe na madawati yaliyovunjika. Ilikuwa na ubao mweusi na dirisha moja, lakini haikuwa na mwalimu, kwa sababu aliyepangiwa alikuwa kwenye likizo ya uzazi na hakuna aliyeletwa badala yake. Kiranja aliandika ubaoni maswali ya mwaka jana pamoja na majibu, na wenzake wakanakili. Watoto thelathini na mmoja walibeba madaftari yao wakatoka kwa mstari. Hakuna aliyelia. Walikuwa wameshazoea kupangwa.

Mmoja wao alirudi kutoka mlangoni. Alikuwa msichana mwembamba, meno ya mbele yameachana, na darasa zima lilimwita Subiri. Jina hilo lilitokana na tabia yake ya kuanza kila sentensi kwa "subiri kwanza". Mwalimu akiwa katikati ya mfano, kengele inakaribia, wenzake wamekwisha kuandika jibu, mkono wake ulikuwa juu: subiri kwanza mwalimu, kwa nini tumegawa, kwa nini hatukuzidisha. Kwa mwalimu mwenye watoto sabini na nane, mtoto wa namna hiyo ni kama jiwe ndani ya kiatu.

"Mwalimu, subiri kwanza," alisema, akiweka karatasi mezani. Juu palikuwa na arobaini na nane iliyozungushiwa duara. "Hapa nimekosea nini?"

"Jibu ni thelathini."

"Thelathini imetoka wapi?"

"Kwenye mwongozo."

Mtoto aliitazama karatasi, akamtazama mwalimu. Alionekana kama mtu aliyeelekezwa njia akakuta ukuta.

"Nenda stoo," mwalimu alisema, bila ukali. "Usije ukachelewa kunakili."

Siku mbili baadaye, wakati wa mapumziko, alikuja baba yake. Alikuwa fundi seremala, kalamu ya risasi imechomekwa sikioni, gundi imekaukia kwenye vidole. Alivua kofia mlangoni mwa ofisi ya walimu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Mimi ulinifundisha. Mwaka ule upepo ulipoezua paa."

"Nakukumbuka," mwalimu alisema, ingawa hakumkumbuka.

Fundi alikaa kwenye ncha ya kiti. Alitoa karatasi ya mtoto kwenye mfuko wa shati, imekunjwa mara nne, akaifungua taratibu.

"Sikuja kugombana, mwalimu. Nimekuja kuuliza tu. Mtoto alileta hili swali nyumbani, nikasema hili litakuwa letu, mimi si ndiye ninayekata mbao? Nimekaa nalo mpaka chai ikapoa. Nimelishindwa." Alitabasamu kwa haya. "Mteja akiniambia kata vipande sita, halafu akaniuliza kimebaki nini, mimi nitamwuliza, umeniletea ubao wa ukubwa gani? Sasa sijui. Labda hesabu za siku hizi zimebadilika."

Mwalimu alivaa miwani. Alilisoma swali. Alikuwa amelipitisha chini ya kalamu yake mara sabini na nane, na hii ilikuwa mara yake ya kwanza kulisoma. Kisha akasoma mwandiko wa mtoto, mdogo, umebanwa ili utoshe kwenye nafasi ya jibu: *Ubao ulikuwa mrefu kiasi gani? Hamkusema.* Juu yake mkasi wake mwekundu ulikuwa umekaa sawasawa.

"Hazijabadilika," alisema.

"Basi nimwambie nini? Maana tangu juzi haulizi kitu chochote. Mama yake anasema walau masikio yamepumzika. Lakini mimi namwona hayuko sawa. Anakula, analala, ukimtuma anakwenda. Yule si mwanangu."

"Mwambie nitaliangalia."

"Nashukuru, mwalimu." Alisimama, akaiacha karatasi pale pale. "Hata kama amekosa, si neno. Ila aambiwe amekosa wapi."

Alipoondoka, mwalimu alifungua kabati la karatasi za zamani. Hakutafuta sana. Mtihani wa majaribio wa mwaka uliopita ulikuwa na swali hilo hilo, isipokuwa lilianza na sentensi moja zaidi: *Fundi alikuwa na ubao wa sentimita 120.* Aliyechapa mtihani wa mwaka huu alikuwa ameiruka. Basi vipande sita vilikula tisini, vikabaki thelathini, na mwongozo ulinakiliwa bila kuguswa.

Hapo ndipo alipojiuliza kuhusu wale waliopata thelathini. Alifungua daftari lake la alama, akahesabu kwa ncha ya kidole. Walikuwa ishirini na wawili. Watoto ishirini na wawili walikuwa wametoa jibu sahihi kwa swali lisilojibika. Na karatasi ya mwaka jana, aliyoishika mkononi, alikuwa ameirudia na darasa mara tatu mwezi ule ule, kwa sauti, wote pamoja, swali baada ya swali, jibu baada ya jibu. Alikaa chini. Kengele ikalia, na hakuinuka mara moja.

Mwalimu mkuu alikuwa kijana kwake kwa miaka kumi na mitano, mtu mpole mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Ofisini mwake kulikuwa na simu mbili, na zote mbili zilimtisha. Alimsikiliza mpaka mwisho, akavua saa yake, akaiweka mezani.

"Matokeo yamekwishapelekwa," alisema.

"Yana makosa."

"Najua yana makosa. Umenionyesha. Sasa tufanye nini? Ukimpa huyu maksi mbili, itabidi uwanyang'anye wale ishirini na wawili. Ukiwanyang'anya, wastani unashuka. Tumeshika nafasi ya nne, mwalimu. Tangu nije hapa hatujawahi kushika ya nne."

"Wa tano yuko mbali kiasi gani?"

"Tumebanana kama vidole. Pointi sifuri nukta mbili." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Na katika hao ishirini na wawili, wapo watakaoshuka chini ya hamsini. Umewaangalia?"

Alikuwa amewaangalia. "Watatu."

"Basi unamtoa mmoja stoo unaingiza watatu. Hiyo nayo ni hesabu." Hakuwa anamkejeli. "Mwalimu, wewe ni mkubwa wangu. Umebakiza miaka mitatu. Usijitafutie maneno. Wiki sita mtihani wa taifa huo, utawafutia wote kumbukumbu."

Alikuwa na majibu, lakini kila jibu lilihitaji nguvu ambazo asubuhi ile alikuwa amezimalizia kwa mama yake, aliyekataa dawa mpaka alipobembelezwa kwa nusu saa. Miguu ilikuwa imevimba. Alisema, "Haya," akatoka. Alijichukia kidogo, lakini si sana, maana hata kujichukia kunataka nguvu.

Wiki ikaisha hivyo. Kila siku akienda kujaza maji kwenye ndoo ya kunawia mikono alipita kwenye dirisha la stoo. Watoto waliinama, wananakili. Kulikuwa kimya, na kimya kile kilimsumbua kuliko kelele za darasa lolote alilowahi kufundisha. Subiri alikaa dawati la tatu. Hakuinua kichwa. Mwandiko wake ulikuwa unazidi kuwa mzuri.

Jumatatu iliyofuata, mwalimu aliingia darasani, akafuta ubao, akaandika swali la kumi na saba kama lilivyokuwa kwenye mtihani. Mikono ikapanda. Wa kwanza, kama kawaida, alikuwa mvulana wa dawati la mbele waliyemwita Profesa, aliyekuwa wa kwanza darasani kwa mihula mitatu mfululizo na ambaye mama yake alimpigia pasi mpaka soksi.

"Thelathini, mwalimu."

"Umepataje?"

Profesa alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina la baba yake. "Ni thelathini."

"Nakubali. Nionyeshe umepataje."

Alikwenda ubaoni. Aliandika sita mara kumi na tano, akapata tisini. Akasimama. Akaandika tena tisini pembeni, kubwa kidogo. Akageuka kuwatazama wenzake.

"Mwalimu," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini, "wewe ndiye uliyetuambia jibu ni thelathini."

Hakulisema kwa ujeuri. Alikuwa anaeleza chanzo chake, kama alivyofundishwa.

"Kweli," mwalimu alisema. "Kakae."

Jioni hiyo, jua bado liko juu ya kuta, aliingia uani na kisu na kuanza kuikata kamba ya kuanikia nguo, ile iliyozunguka ua mara mbili.

"Na nguo tutaanika wapi?" mama yake aliuliza.

"Ukutani."

"Tuanike ukutani, watu watuone hatuna kamba?"

"Watatuona tuna ukuta, mama."

Alikata vipande kumi na tatu bila kupima, kimoja kwa kila madawati mawili. Vingine vilikuwa virefu kuliko yeye, vingine vifupi. Cha mwisho kilikuwa kile kilichobaki tu.

Asubuhi alikwenda stoo kabla ya kengele. Aliwaambia watoto thelathini na mmoja wachukue madaftari wamfuate. Walirudi darasani, wakabanana watatu watatu kwa dawati. Aligawa kamba. Aliwaambia: kila kundi litie alama vipande sita vya sentimita kumi na tano, halafu waseme kimebaki kiasi gani. Hakuandika kitu kingine ubaoni.

Dakika kumi za kwanza zilikuwa za aibu. Watoto waliokuwa wanataja jedwali la kumi na mbili usingizini walizishika kamba kama nyoka. Kundi moja lilisubiri ruhusa ya kuanza. Jingine liliuliza kichwa cha habari kiandikwe vipi, na tarehe ikae kushoto au kulia. Rula zilikuwa chache, zikaazimwa, zikagombewa. Kidogo kidogo kelele zikaanza, si zile za kucheza, bali zile za watu wanaobishana. Kundi la dirishani lilisema sentimita ishirini na saba. Kundi la nyuma yao lilisema sitini na mbili. Mara moja wote wakamgeukia mwalimu.

"Mwalimu, lipi ndilo lenyewe?"

"Kamba ni zenu. Mimi sikuzipima."

Walimtazama kwa wasiwasi. Baadhi yao walidhani anaumwa.

Kundi la Profesa lilikuwa limeandika 30 daftarini kabla ya kugusa kamba. Sasa walikuwa wamemaliza kutia alama, na kilichobaki kilining'inia kutoka mezani mpaka karibu na sakafu.

"Mwalimu," Profesa alisema, "kamba yetu ina makosa."

"Kamba ina makosa gani?"

"Haifiki thelathini. Yaani imezidi."

Dawati la nyuma yake alikaa msichana mmoja aliyerudi kutoka stoo, mtoto ambaye daftari lake la hesabu lilikuwa jekundu kuliko buluu na ambaye mwalimu hakukumbuka kumsikia akisema neno mwaka mzima. Aliinama mbele, akaweka kidole kwenye rula ya Profesa.

"Hii rula imevunjika," alisema. "Inaanzia nne."

Kweli. Kichwa cha rula kilikuwa kimekatika, na namba ya kwanza iliyoonekana ilikuwa nne. Profesa alikuwa amepima vipande vyote kutoka mwisho wa rula mpaka kwenye kumi na tano.

"Kwa hiyo inabidi tufike ngapi?" mwalimu aliuliza.

Profesa aliigeuza rula juu chini. Msichana alihesabu kwa vidole, taratibu, midomo ikicheza. Hakuna aliyemharakisha, na mwalimu mwenyewe alishangaa jinsi ilivyokuwa vigumu kutomharakisha. "Kumi na tisa," alisema. Walifuta alama zote wakaanza upya. Walipomaliza walipata arobaini na moja.

"Bado si thelathini," Profesa alisema, kwa huzuni kabisa.

Pembeni mvulana mmoja alikuwa amejifunika uso kwa mikono. Kundi lake lilipewa ile kamba ya mwisho, na walipotia alama ya tano, kamba ilikuwa inakaribia kwisha. Walijaribu mara tatu. Walikuwa na hakika wamekosea na watachapwa.

"Subiri kwanza."

Ilikuwa sauti ambayo mwalimu alikuwa hajaisikia kwa siku nane. Yule msichana mwembamba alikuwa amesimama juu ya benchi ili aone vizuri kamba ya jirani. "Hawajakosea. Yao haitoshi tu. Inatoa vitano." Akafikiri. "Na hiki kijisehemu."

"Sasa kimebaki nini?" mwalimu aliuliza.

"Kimebaki hiki. Lakini cha sita hakipo. Kwa hiyo aliyesema vikatwe sita hakuiona kamba yetu."

Ndipo mwalimu alipogeuka akamwona mwalimu mkuu mlangoni, saa mkononi. Haikujulikana amesimama pale tangu lini. Alitazama kamba, watoto waliosimama juu ya mabenchi, ubao mtupu. Alikuwa na uso wa mtu anayehesabu wiki zilizobaki.

"Mwalimu, hii iko kwenye silabasi?"

"Vipimo vya urefu," alijibu. "Mada ya saba."

Mwalimu mkuu alitikisa kichwa, lakini hakuondoka. Ndipo Profesa, ambaye hakumwona, akainua mkono. Sauti yake ilikuwa karibu na kilio.

"Mwalimu, sasa kwenye mtihani tuandike nini?"

Mwalimu alifuta mikono kwenye sketi yake. Alikuwa na miaka ishirini na tisa ya majibu ya swali hilo, na asubuhi ile hakuna hata moja lililomjia.

"Swali likiwa kamili, fanya hesabu uandike jibu," alisema polepole. "Likiwa halijakamilika, andika kilichopungua."

"Watanipa maksi?"

"Huenda wasikupe." Alivuta pumzi. "Mwenzenu hapa aliandika hivyo. Mimi nikamkata. Yeye alikuwa sahihi, mimi nilikosea. Na wale niliowapa vema kwa thelathini, kosa ni langu pia, si lenu. Niliwapa jibu kabla ya swali."

Hakuna aliyepiga makofi wala kucheka. Watoto walikaa wanamtazama, kwa sababu hawakuwahi kumwona mwalimu akifanya jambo hilo na hawakujua baada yake hufuata nini. Subiri alishuka kwenye benchi, akavuta sketi yake magotini. Kengele ililia, wakaanza kukusanya kamba bila kuambiwa.

Mwalimu mkuu alimsubiri kwenye ujia.

"Utaniua," alisema.

"Naomba daftari la alama la ofisini."

"Na wale watatu watakaoshuka?"

"Wasiende stoo. Wala wengine wasirudi. Kule hakuna mwalimu, wote tunajua. Wabaki kwangu."

"Sabini na nane kwenye chumba kimoja, wiki tano kabla ya mtihani."

"Walikuwa sabini na nane tangu Januari."

Alisimama akimtazama. Labda alikuwa anatafuta neno la kumkatalia, akakuta amechoka kulitafuta. Alimfungulia ofisi. Mwalimu alikaa pembeni ya meza akarekebisha alama ishirini na tatu, moja juu na ishirini na mbili chini, kwa mwandiko wake ule ule wa ubaoni, kisha akaandika barua fupi kwa kamati ya mitihani. Mwalimu mkuu alitia sahihi chini yake. Kalamu iligoma mara mbili.

Mambo hayakwenda vizuri. Shule iliporomoka kutoka nafasi ya nne mpaka ya nane. Mama yake Profesa alikuja akiwa amevaa kama anakwenda harusini, akamweleza mwalimu kwa upole unaochoma kwamba mwanawe sasa kila kitu anakitilia shaka, na usiku anamwuliza anajuaje kwamba yeye ni mama yake. Mwalimu alimwomba radhi. Kamati ilijibu barua baada ya mwezi, mistari miwili: imepokelewa, itafanyiwa kazi. Darasani sabini na nane walikuwa sabini na nane. Siku nyingine alijaribu kuwapa jambo la kufikiria, wakamjibu kwa kelele tu, akarudi kwenye kukariri kwa sababu koo lilikuwa limekauka. Siku nyingine kitu kilishika, kwa dakika tano au kumi, kisha kikaachia.

Mtihani wa taifa ulikuja, ukapita. Profesa alipata alama za juu kama ilivyotarajiwa. Subiri alipata hamsini na saba. Yule msichana wa rula alipata arobaini na nne, ambayo kwake ilikuwa mlima, lakini kwenye ripoti ilikuwa chini ya mstari kama nyingine zote za chini ya mstari. Hakuna aliyeandika barua ya pongezi. Fundi seremala alipita siku moja, akatengeneza mguu wa meza ya mwalimu uliokuwa ukicheza, akasema nyumbani maswali yamerudi na mkewe amekwishaanza kulalamika. Alikataa hata kunywa maji.

Muhula uliofuata mwalimu alihamishiwa darasa la pili. Mwalimu mkuu alimwambia ni kwa ajili ya miguu yake, kwamba darasa la pili liko karibu na lango. Wote wawili walijua si hivyo tu. Alihamisha chaki zake. Watoto wa darasa la pili walikuwa wadogo mno, wanapoteza penseli, wanalala saa tano, wanamwita mama kwa bahati mbaya. Alichoka kwa namna nyingine.

Katikati ya muhula, siku ya Alhamisi, watoto wakiwa wamekwishaondoka, mwalimu mkuu alimwita ofisini. Juu ya meza kulikuwa na mtihani wa majaribio wa mwaka ule, umetoka kwenye kamati, bado haujarudufiwa.

"Wameniomba niuhakiki," alisema. "Kabla ya ile barua hawakuwahi kuomba." Alisukuma karatasi upande wake. "Nimeupitia mara mbili. Sioni kitu. Macho yamekufa."

Mwalimu alivuta kiti, akavua viatu chini ya meza, akavaa miwani. Alisoma swali moja moja, akijaribu kuwa kama mtu ambaye hajawahi kuona hesabu maishani mwake. Ilikuwa kazi nzito kuliko kusahihisha. Kwenye swali la tisa alisimama, akaandika alama pembeni. Kwenye la ishirini na moja akaandika nyingine. Baada ya saa nzima alikuwa na nne.

"Nne?" mwalimu mkuu aliuliza.

"Nne."

Alijipangusa uso, akavuta kiti chake akaja kukaa upande wa mwalimu, bega kwa bega naye. Walianza na la tisa. Lilihusu matangi mawili ya maji na bomba, na lilisema tangi moja ni kubwa kuliko jingine lakini halikusema lipi. Mwalimu mkuu alichora matangi nyuma ya bahasha, akayafuta, akachora tena. Mwanamke anayefagia ofisi aliingia na ufagio, akawaomba wainue miguu. Waliinua, wote wawili, bila kuacha kutazama bahasha, na yeye akapitisha ufagio chini yao.